Kusoma hukumu ya mahakama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hukumu inayogusa watu wengi, ya ndoa, ardhi, mirathi au uchaguzi, kila inapotoka huibua maswali yaleyale. Tumeyakusanya hapa, mepesi yakitangulia na yenye utata yakifuata. Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Kenya inaingia pale ambapo kesi yake inaonyesha jambo vizuri kuliko za kwetu. Haya ni maelezo ya jumla. Mwenye shauri lake mahakamani amwone wakili, na aende na nakala ya hukumu, si kipande cha gazeti.

## Kabla hujaanza kusoma

1. Hukumu, uamuzi mdogo, amri na dikrii vinatofautianaje?

Hukumu ndiyo maandishi yenye hadithi ya kesi, hoja za pande zote, sababu za mahakama na mwisho wake. Uamuzi mdogo hutolewa njiani kesi ikiendelea, kwa mfano juu ya pingamizi la awali au dhamana, ingawa wakati mwingine huimaliza kesi palepale. Amri ni kile mahakama inachoagiza kifanyike. Dikrii ni karatasi fupi inayotolewa baada ya hukumu ya madai, ikisema tu nani anapata nini. Anayekwenda kukazia hukumu, yaani kuomba itekelezwe, hubeba dikrii. Anayetaka kujua sheria husoma hukumu. Ukurasa huu unahusu hukumu.

2. Si jambo la kwanza kuangalia ni nani kashinda?

Kwa wenye kesi, ndiyo. Kwa sisi wengine, hilo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote yaliyomo. Kesi inayolionyesha vizuri ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini hukutana nayo.

Ndoa ilikuwa imevunjika. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani asiye na mshahara, akadai sehemu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa, iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi kwa maana ya kifungu hicho? Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Baadhi walisema huo ni wajibu wa kawaida wa mke na haununui nyumba. Wengine walisema bila shughuli hizo mume asingepata hata nafasi ya kuchuma. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilijiuliza sheria ile ilitungwa kuponya dhuluma gani, ikaona ni ile ya wake kuondoka mikono mitupu baada ya miaka ya kutumika, ikasema kazi za nyumbani ni mchango.

Halafu Bi Hawa akashindwa. Ushahidi ulionyesha mume alikwishampa fedha za kuanzisha biashara, na fedha hizo zikapotea bila biashara kusimama. Mahakama ikahesabu kwamba fungu lake alikwishalipata, rufaa ikatupwa.

Aliyesoma mstari wa mwisho tu alitoka na habari ya mwanamke aliyekosa mali. Aliyesoma sababu alitoka na kanuni ambayo imewapa maelfu ya wake waliomfuata mahali pa kusimama. Mwenye jina alishindwa kesi, hoja yake ikashinda. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye sababu za uamuzi.

3. Hukumu ina kurasa hamsini. Nianzie wapi?

Soma aya ya kwanza ujue nani analalamikia nini, kisha ruka hadi ukurasa wa mwisho uone amri zilizotolewa. Ukishajua mwanzo na mwisho, rudi katikati utafute pale mahakama inapoorodhesha hoja zinazobishaniwa. Majaji wengi huziandika waziwazi. Chukua hoja moja moja uone mahakama imeijibu vipi na kwa nini.

Kosa la kawaida ni kunukuu maneno ya wakili ukidhani ni ya jaji. Hukumu hutumia kurasa nyingi kueleza upande wa mleta rufaa ulisema nini na mjibu rufaa alijibu nini, na lugha huwa nzito na ya kujiamini. Nukuu kali zinazosambazwa kwenye simu mara nyingi zimetoka hapo. Kabla hujanukuu, panda juu aya mbili tatu uone anayesema ni nani.

4. Majina na namba zilizo juu zina maana gani?

Jina la kwanza ni la aliyepeleka shauri kwenye mahakama hiyo, siyo lazima awe aliyeanzisha kesi. Kesi ya umri wa kuoa ilipokuwa Mahakama Kuu iliitwa Rebeca Z. Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Serikali ilipokata rufaa majina yakageuka. Penye neno Jamhuri, ujue ni jinai.

Namba ya shauri hubeba mwaka wa kufunguliwa, si wa kuamuliwa. Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017, ambayo ndiyo rufaa ya kesi hiyo ya Gyumi, iliamuliwa Oktoba 2019. Ukiona mwaka ndani ya mabano ya mraba ukifuatwa na herufi TZCA, huo ni mwaka wa uamuzi, na herufi zinakwambia ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania. TZHC ni Mahakama Kuu. Kwa Kenya utakuta KESC, KECA na KEHC.

5. Napata wapi hukumu yenyewe, na kwa lugha gani?

Za Tanzania ziko kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Za Kenya ziko Kenya Law, bure pia. Hukumu za Mahakama za Mwanzo kwa kawaida huzikuti huko. Hizo hufuatwa kwa karani wa mahakama husika.

Lugha bado ni tatizo. Mahakama za Mwanzo zimeandika kwa Kiswahili siku zote, lakini ngazi za juu zimezoea Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha ya mahakama. Mwaka huohuo, Siku ya Sheria, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani na kumsifu hadharani kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Hata hivyo fungua TanzLII leo uhesabu mwenyewe: wingi bado ni Kiingereza. Mtu anafungwa au ananyang'anywa shamba kwa sababu ambazo lazima atafutiwe wa kumsomea. Sioni hoja ya kitaalamu inayoweza kutetea hilo.

## Nguvu ya sababu

6. Ni sehemu gani ya hukumu inayozifunga mahakama nyingine?

Ni kiini cha uamuzi tu, ile kanuni ambayo bila hiyo mahakama isingefika ilikofika. Mawakili hukiita kwa Kilatini ratio decidendi. Mengine ambayo jaji anayasema akipita, hata yawe mazuri kiasi gani, ni obiter dictum: yanaweza kushawishi lakini hayafungi.

Kwenye karatasi mpaka huo ni rahisi, kwenye kesi ni mgumu. Rudi kwa Bi Hawa. Mtu anaweza kubisha: kama alishindwa kwa sababu ya fedha alizopewa, basi maneno kuhusu kazi za nyumbani hayakuhitajika, ni ya kupita. Jibu ni kwamba yalihitajika. Kama kazi zake zisingekuwa mchango, asingekuwa na fungu lolote, na kusingekuwa na haja ya kuuliza kama amekwishalipata. Mahakama ilipita mlango wa kwanza ndipo ikafika wa pili. Kwa hiyo kanuni ni sehemu ya kiini, japo mwisho wa kesi ulikuwa dhidi yake.

Jipime hivi: ifute sentensi hiyo kwenye hukumu, kisha uangalie kama mwisho bado unasimama kwa sababu zilezile. Ukisimama bila kutikisika, huenda sentensi ile ilikuwa ya kupita.

7. Mahakama ipi inaifunga ipi?

Kutoka chini kwenda juu: Mahakama ya Mwanzo, kisha Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Iliyo juu inazifunga zilizo chini yake. Mahakama ya Rufani yenyewe ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na kuondoka na mahakama ya rufani ya pamoja.

Jaji wa Mahakama Kuu hafungwi na jaji mwenzake wa Mahakama Kuu, ingawa hutarajiwa aeleze kwa nini hakubaliani naye. Hivyo usishangae kukuta Mwanza wameamua hivi na Arusha vile. Hali ile ya kabla ya Bi Hawa ilitokana na hilo. Mahakama ya Rufani kwa kawaida huketi majaji watatu, na panapohitajika kuuangalia upya msimamo wake huita jopo kubwa zaidi. Ukikuta hukumu zake mbili zinazogongana, mahakama za chini hutakiwa kufuata ya karibuni.

8. Jaji mmoja alipinga. Maoni yake yana kazi gani?

Hayafungi mtu, ila yasome. Mara nyingi ndipo udhaifu wa hoja ya walio wengi unapoelezwa na mtu aliyekuwa nao chumba kimoja. Mawakili wanaojiandaa kuiomba mahakama ibadili msimamo wake siku za usoni huanzia hapo.

Usiyachanganye na maoni ya jaji anayekubali mwisho wa kesi kwa sababu tofauti. Huyo anahesabiwa upande wa walio wengi, lakini sababu zake ni zake.

9. Inawezekanaje mahakama itoe uamuzi leo na sababu wiki zijazo?

Hutokea pale sheria inapobana muda. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kenya. Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 8 Agosti 2017. Katiba yao inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu tangu shauri la kupinga matokeo lifunguliwe. Tarehe 1 Septemba mahakama ikabatilisha uchaguzi kwa majaji wanne dhidi ya wawili, na tarehe 20 Septemba ikatoa sababu kamili, pamoja na maandishi marefu ya waliopinga.

Katika siku zile 19 za katikati kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wapo waliosema mahakama imemtangaza mgombea mmoja kuwa mshindi halali. Haikusema hivyo. Sababu zilipotoka zilihusu namna uchaguzi ulivyoendeshwa na matokeo yalivyosafirishwa, na amri ilikuwa uchaguzi urudiwe ndani ya siku 60. Basi ukiona uamuzi mfupi umetangulia, jadili amri zilizotajwa na uache mengine hadi sababu zitoke.

## Hukumu zinazogusa sheria na Katiba

10. Mahakama ikisema kifungu ni kinyume cha Katiba, kinafutika siku hiyohiyo?

Si lazima. Ibara ya 30(5) ya Katiba ya Tanzania inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kukitangaza kifungu kuwa batili papo hapo, iipe Serikali au mamlaka husika muda wa kurekebisha kasoro. Katika muda huo sheria inahesabika kuwa halali hadi irekebishwe au muda uishe, lolote litakalotangulia.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye kesi ya Gyumi. Sheria ya Ndoa iliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanaume, na wa kuolewa kuwa 15 kwa mwanamke. Mahakama iliweza kuruhusu hata 14. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vinabagua, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Watu waliuliza, na wanaendelea kuuliza: mbona miaka ilipita baada ya hapo na kitabu cha sheria kikawa bado kinasema 15? Kwa sababu mahakama haina kalamu ya kuandika kifungu kipya. Hiyo ni kazi ya Bunge. Lakini maandishi kubaki kitabuni ni jambo moja, na kuwa na nguvu ni jambo jingine. Kwa kuisoma ibara ile ilivyo, muda uliotolewa ukiisha bila marekebisho, uhalali wa muda nao umekwisha. Anayefungisha ndoa ya binti wa miaka 15 akijitetea kwa kifungu cha 13 anaegemea ukuta ambao mahakama mbili zimekwishaubomoa. Ubaya ni kwamba mabinti na wazazi hawasomi TanzLII. Hadi Bunge libadilishe maandishi, wengi wataendelea kuamini kilichoandikwa.

11. Mahakama inawezaje kukiri kwamba jambo ni la kikatili, kisha iliache lilivyo?

Kwa sababu hayo ni maswali mawili. La kwanza: je, haki imeguswa? La pili: je, Katiba yenyewe inaruhusu iguswe?

Kesi ya Mbushuu ni mfano. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamvunjia mtu utu, kisha ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa masilahi ya jamii. Anayenukuu nusu ya kwanza peke yake anapotosha, na anayenukuu ya pili peke yake vilevile. Mahakama haikusema adhabu ya kifo ni njema.

12. Mahakama zetu zikimaliza, kuna pa kwenda?

Kesi ya mgombea binafsi, yaani anayegombea bila kupitia chama cha siasa, ilipita kila mlango uliokuwepo. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Mwaka huohuo Bunge likabadili Katiba na kuziba njia. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani likasema suala hilo ni la kisiasa, mahali pake ni Bungeni. Mtikila na asasi zilizoungana naye wakaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imevunja haki.

Hukumu ya Arusha haifuti ya Mahakama ya Rufani. Inaifunga nchi kama mwanachama wa mkataba, na utekelezaji wake unahitaji Serikali na Bunge wachukue hatua. Tena mlango ule umebanwa: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri huko moja kwa moja.

Kuhusu sababu za 2010, nina shaka nazo hadi leo. Kusema jambo ni la kisiasa si kujibu kama linavunja Katiba. Karibu kila haki ya kupiga au kupigiwa kura ni ya kisiasa.

13. Kati ya mila na Katiba, mahakama husimama wapi?

Kwa Katiba, pale mila inapobagua. Kesi ya kwanza ya kutajwa ni Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwaka 1988 huko Muleba, Kagera, mwanamke wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mpwa wake akafungua kesi: mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ikakubaliana na mpwa, Mahakama ya Wilaya ikageuza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, yuleyule wa swali la 11, akasema mila ile imepitwa na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Hakusema wanawake wawe na haki kuliko wanaume. Mwanaume wa ukoo akiuza kwa mtu wa nje, wanaukoo waliweza kulikomboa shamba. Jaji alimweka mwanamke kwenye masharti hayohayo. Kwa hiyo asiyefurahia mauzo alibaki na njia, ila ya kulipa na si ya kufuta.

## Mambo yanayochanganya

14. Magazeti yameandika "kesi yatupwa". Imekwisha?

Inategemea, na hapa magazeti hutupoteza sana kwa kutumia neno moja kwa mambo mawili. Shauri likiondolewa mahakamani kwa kasoro, kwa mfano nyaraka muhimu haikuambatishwa au limefunguliwa kwa njia isiyo yake, hakuna aliyesikilizwa juu ya kiini. Mhusika anaweza kurekebisha na kurudi, mradi muda haujamwishia. Shauri likitupiliwa mbali baada ya kusikilizwa, au kwa kuwa limefunguliwa nje ya muda, kurudi na lilelile mahakama ileile hakupo. Kilichobaki ni rufaa. Usitegemee kichwa cha habari. Soma amri ya mwisho.

15. Mtu ameachiwa mahakamani, amekamatwa tena mlangoni. Ni halali?

Uliza ameachiwa vipi. Aliyeonekana hana hatia baada ya kesi kusikilizwa hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo. Lakini Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) anapotamka kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, mshtakiwa anaachiwa bila mahakama kusema lolote juu ya hatia yake, na sheria haizuii kabisa ashtakiwe upya. Uhalali unaweza kuwepo. Iwapo ni uungwana kumfutia mtu kesi asubuhi na kumsomea ileile mchana ni mjadala mwingine, na mahakimu wenyewe hulalamika.

16. Rufaa imekubaliwa. Kwa nini kesi irudi kuanza upya?

Kwa sababu kilichoonekana kibovu ni mwenendo wa kesi, siyo lazima ushahidi. Kanuni inayofuatwa ni ya Fatehali Manji, ya mahakama ya rufani ya Afrika Mashariki, mwaka 1966: kesi husikilizwa upya pale usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa batili au wenye kasoro, na si ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mianya ya ushahidi wake. Ushahidi ukiwa mwembamba tangu mwanzo, mshtakiwa huachiwa.

17. Kesi yangu inafanana na ile iliyoshinda. Nami nitashinda?

Mfanano unaohesabika ni ule wa mambo yaliyobeba sababu za uamuzi. Kenya walijifunza hilo kwa gharama. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba kwa kuwa unamnyima jaji nafasi ya kupima adhabu. Mahakama za chini zikaichukua sababu hiyo na kuipeleka kwenye unyang'anyi wa kutumia nguvu na makosa ya kingono, wafungwa wakapunguziwa adhabu huku na kule. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kutoa mwongozo: tulichoamua kinahusu mauaji, basi, anayetaka mengine alete kesi yake.

Kwa Bi Hawa nako ni vivyo hivyo. Wapo wanaodhani kesi yake inampa kila mke nusu ya mali. Haisemi hivyo popote. Inasema kazi za nyumbani ni mchango. Kiasi cha mchango huo ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi. Mke anayefika mahakamani na jina la Bi Hawa peke yake, bila kueleza ndoa ilidumu muda gani, mali ipi ilipatikana lini na yeye alifanya nini wakati huo, anaweza kutoka na fungu dogo sana.

18. Nina siku ngapi za kukata rufaa?

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni 30 nyingine. Jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi: taarifa ya kusudio ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya 45. Madai kutoka huko, dikrii ikishatolewa, kwa kawaida ni siku 90. Kwenda Mahakama ya Rufani: taarifa ndani ya siku 30, na kwa madai rufaa ndani ya 60 baada ya taarifa. Baadhi ya mashauri yana muda wake maalumu, hivyo thibitisha.

Omba nakala kwa maandishi mapema na utunze barua yenye mhuri wa kupokelewa. Kwenye rufaa ya madai kwenda Mahakama ya Rufani, barua hiyo iandikwe ndani ya siku 30 na nakala yake impate mpinzani wako; bila hivyo muda uliosubiri nakala hauondolewi kwenye hesabu. Ukichelewa, utaomba kuongezewa muda, na utatakiwa ueleze kila siku ya kuchelewa.

19. Naruhusiwa kumkosoa jaji?

Hukumu ikishatolewa, unaruhusiwa kuikosoa, nasi tumefanya hivyo kwenye swali la 12. Sema hoja ipi hukubaliani nayo na kwa nini. Kudai jaji amehongwa bila ushahidi, au kuandika ili kushinikiza kesi ambayo bado inasikilizwa, kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kosa la kuidharau mahakama. Mwenye ushahidi wa rushwa anao mahali pa kuupeleka, na si kwenye kundi la familia la WhatsApp.

20. Haya yote yanahusu Zanzibar pia?

Kwa sehemu. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mahakama za Kadhi. Rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa baadhi, kama mashauri ya tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi, ambayo huishia hukohuko. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar, kwa hiyo Bi Hawa hamsaidii mke wa Unguja moja kwa moja.

21. Nimeshinda, mbona sijapata kitu?

Kwenye madai, hukumu haijitekelezi. Lazima uombe kuikazia, ukionyesha mali au akaunti ya mdaiwa itakayoguswa. Wengi husubiri wakidhani mahakama itawaita.

Kwa upande wa pili, aliyeshindwa asidhani kukata rufaa kunasimamisha kitu. Anahitaji amri ya kusimamisha utekelezaji. Kwenye Mahakama ya Rufani maombi hayo hupelekwa ndani ya siku 14 tangu apate taarifa kwamba hukumu inakaziwa, na atatakiwa kuweka dhamana. Nyumba ikishapigwa mnada na mnunuzi kukabidhiwa, hata ushindi wa rufaa huenda ukakuletea fedha tu, nyumba ikabaki ya mwingine.